Dakika Saba Kabla ya Kulala: Kuendesha Ibada ya Nyumbani na Watoto Wadogo

Ibada nyingi za nyumbani hufa kwa urefu. Wiki ya kwanza baba na mama wana moto: sura nzima inasomwa, nyimbo tatu zinaimbwa, kila mtu anaomba. Wiki ya pili mtoto wa miaka miwili anaanza kulia katikati ya somo, wa miaka mitano anauliza kama imekwisha, mmoja wa wazazi amerudi amechoka. Ibada inarukwa mara moja, kisha mara tatu, kisha inakuwa jambo la kuonea haya ambalo hakuna anayelitaja.

Mwongozo huu ni wa wazazi wenye watoto tangu kuzaliwa mpaka miaka saba hivi. Shauri lake kubwa ni moja: ibada iwe fupi kiasi kwamba hata siku mbaya kuliko zote mtaimudu. Dakika saba zinatosha. Mtoto anayepata dakika saba jioni tano kwa wiki, mwaka mzima, amekaa na Neno pamoja na wazazi wake zaidi ya saa 30. Saa moja nzito inayofanyika mara nne kisha ikaachwa haifiki hapo.

Ifunge kwenye jambo mnalolifanya tayari

Kumbukumbu la Torati 6:7 inasema uwafundishe watoto wako kwa bidii, "na kuyanena uketipo katika nyumba yako, na utembeapo njiani, na ulalapo, na uondokapo." (Hapo "uondokapo" ni kuondoka kitandani, yaani kuamka.) Musa hakutaja saa. Alitaja mambo ambayo kila nyumba huyafanya hata bila kuambiwa. Fuata njia hiyo hiyo. Usipange "saa mbili kamili usiku", maana chakula kikichelewa nusu saa mpango umevunjika na kila mtu anaona ameshindwa. Panga hivi: "baada ya mswaki, kabla ya taa kuzimwa." Mswaki hauna saa, lakini haukosekani.

Kwa nyumba nyingi wakati wa kulala ndio unaofaa. Mtoto ameoga, ameshiba, na yuko tayari kufanya lolote litakaloahirisha usingizi, hata kusikiliza Biblia. Kama mmoja wenu anafanya kazi za usiku, tumieni meza ya asubuhi. Chagueni wakati mmoja tu. Wanaoanza na asubuhi na jioni huishia kukosa vyote viwili.

Amueni mapema pia siku mbili za wiki ambazo hamtafanya ibada ya pamoja, mtoto atalazwa kwa baraka tu. Siku mliyoipanga kuwa ya mapumziko haiwaumizi moyo. Siku mliyoiruka kwa bahati mbaya huuma, na uchungu huo ndio unaozaa ya pili na ya tatu.

Vifaa ni vichache: Biblia ya karatasi, alama ya kuonyesha mlipofika, na daftari dogo lenye kalamu. Simu iachwe chumba kingine hata kama ina Biblia nzuri. Mtoto akiuona uso wa mzazi umemulikwa na simu hawezi kujua kama mama anasoma Injili au anajibu ujumbe, na ujumbe wenyewe hauchagui wakati wa kuingia. Kuhusu televisheni, izimeni robo saa kabla, si dakika ileile ya kuanza. Ukizima katuni na kufungua Biblia kwa mkono mmoja, umemfundisha mtoto kwamba Biblia ndiyo iliyoua katuni.

Mpangilio wenyewe

Wimbo mmoja, kama dakika moja na nusu. Uwe ule ule kwa wiki mbili au hata mwezi. Watu wazima huchoshwa na kurudia, watoto hupata raha humo, na mtoto asiyejua kusoma hawezi kuimba wimbo ambao hajausikia mara nyingi. Ubeti wa kwanza na kiitikio vinatosha. Anza kuimba ukiwa bado unakunja nguo au unashusha pazia, bila kutangaza. Wimbo ndio kengele.

Somo, dakika mbili. Mistari sita hadi kumi hivi. Kwa nyumba inayoanza tunashauri Injili ya Marko: ina sura 16, Yesu anatembea, anagusa, anakemea, anakula, na hotuba ndefu ni chache. Ukiigawa kwa vipande vya mistari minane hivi utapata vipande karibu 80, yaani kama miezi minne kwa jioni tano za wiki, kila kipande kikisomwa mara moja. Vipande vizuri vya kuanzia ni mama mkwe wa Simoni (1:29-31), mtu aliyeshushwa kupitia darini (2:1-12), dhoruba (4:35-41), binti wa Yairo (5:21-24 kisha 35-43), mikate mitano na samaki wawili (6:35-44), watoto kubarikiwa (10:13-16) na Bartimayo (10:46-52). Kuuawa kwa Yohana Mbatizaji katika 6:14-29 na sura ya 13 yote viwekwe mpaka mtoto awe mkubwa. Yule mtu aliyekaa makaburini (5:1-20) asomwe mchana. Vivyo hivyo Mwanzo 22, Abrahamu na Isaka: ni habari kuu, lakini mtoto wa miaka minne anayeisikia kisha akazimiwa taa na baba yake atabaki na swali ambalo hatalisema.

Swali moja, dakika moja. Moja tu, na lisiwe la mtihani. "Yesu alizaliwa wapi?" ni la mtihani: asiyejua anaona haya, anayejua anajisifu, na mazungumzo yamekwisha. Maswali yanayofungua kinywa ni kama haya: "Ungekuwa wewe ndani ya mashua, ungefanya nini?" "Nani aliogopa hapa?" "Kitu gani kimekushangaza?" Akijibu ovyo, pokea jibu na uendelee. Akinyamaza, jibu wewe kwa sentensi moja ya kweli juu ya moyo wako.

Sala, dakika mbili. Tutarudi hapa.

Baraka, nusu dakika. Mkono juu ya kichwa cha kila mtoto, na maneno ya Hesabu 6:24-26: "Bwana akubarikie, na kukulinda, Bwana akuangazie nuru za uso wake, na kukufadhili, Bwana akuinulie uso wake, na kukupa amani." Sehemu hii usiiruke kamwe, hata siku ambayo mengine yote yameshindikana. Ikiwa watoto ni watatu, sema mara tatu, kila mmoja kwa jina lake. Mtoto wa miezi mitatu naye anawekewa mkono.

Jioni moja kwa karibu

Chukua Marko 4:35-41. Biblia ya Muungano inasema Yesu "alikuwapo katika shetri, amelala juu ya mto." Simama hapo. Mtoto wako ameona mtu amelala juu ya maji. Kwake yeye mto ni ule unaotiririka, na hana sababu ya kufikiria vingine mpaka umweleze. Chukua mto wa kitandani, upige kofi mbili, uuweke chini ya kichwa chake: "Mto kama huu. Na shetri ni sehemu ya nyuma ya chombo." Sasa anaiona mashua. Mwambie afumbe macho awe Yesu aliyelala. Wewe na wengine tikiseni kitanda kidogo na kuvuma kama upepo. Mwamsheni: "Mwalimu, si kitu kwako kuwa tunaangamia?" Mtoto ainuke na kusema yale maneno mawili, "Nyamaza, utulie." Kisha wote kimya kabisa, hata pumzi. Hesabu moja mpaka tano kimoyomoyo. Soma, "Upepo ukakoma, kukawa shwari kuu."

Ukimya ule wa sekunde tano unafundisha zaidi ya maelezo yako yote. Usiufuate na mahubiri. Uliza swali lako moja, ombeni, lala salama.

Kesho yake soma kipande hicho hicho tena. Ndiyo, tena. Usiku wa kwanza mtoto huona mashua, usiku wa pili ndipo humwona Yesu.

Maneno ya namna ya "mto" ni mengi, na mzazi anayeyakagua mapema ameokoa jioni nzima. Katika habari ya binti wa Yairo Yesu anasema "Talitha, kumi", na mtoto aliyejifunza kuhesabu juzi atauliza kumi ya nini. Mwambie hiyo ni lugha ya nyumbani kwa yule msichana, na maana yake imeandikwa palepale: "Msichana, nakuambia, Inuka." Kisha msomee mwisho wake, ambao watoto huupenda kuliko watu wazima: Yesu akaamuru apewe chakula. Msichana wa miaka 12 amefufuka, na jambo linalofuata ni kwamba ana njaa.

Kwa hiyo soma kipande peke yako mchana, kwa sauti, mara moja. Kila neno ambalo mtoto hajawahi kukusikia ukilitumia jikoni, tafuta kitu cha kumwonyesha au neno jingine. Kama lugha ya Muungano inawalemea, someni Biblia ya Habari Njema kwa watoto na mwiache Muungano kwa mistari ya kukariri. Si dhambi kuwa na Biblia mbili.

Sala: kinachofundishika na kinachoharibu

Mtoto wa miaka miwili anaweza neno moja: "Asante kwa…", naye anamalizia. Itakuwa mpira, au paka, au mpira tena kwa wiki tatu mfululizo. Mwache. Akifika miaka mitatu au minne mpe sentensi tatu za kujaza mwenyewe: "Asante kwa…", "Nisamehe kwa…", "Tafadhali msaidie…". Ya tatu inamtaja mtu mwingine, na hiyo ni makusudi, kwa sababu moyo wa mtoto hauji kwa jirani wenyewe bila kuonyeshwa njia. Asiyetaka kuomba kwa sauti asilazimishwe. Mwambie, "Leo utasema Amina nasi," na yaishe hapo.

Wazazi wasali kwa sentensi fupi na kwa sauti yao ya kawaida. Sauti inayobadilika mara macho yanapofumbwa humfundisha mtoto kwamba Mungu ni mtu wa kuongea naye kwa kuigiza.

Sasa jambo moja la uzito. Kuna sala inayoharibu kuliko kutosali kabisa, nayo ni sala ya mafumbo: "Ee Bwana, msaidie mwanangu aache ukaidi, atii wazazi, asimpige mdogo wake kama alivyofanya leo." Hapo mzazi hasemi na Mungu, anamsema mtoto, na mtoto anajua. Macho yamefumbwa lakini masikio yanawaka. Amepatikana mahali ambapo hawezi kujitetea, na Mungu amefanywa shahidi wa upande mmoja. Ikijirudia, mtoto huanza kukimbia sala kama mtu anavyokimbia baraza la kesi. Kosa la mchana limalizwe mchana. Likibaki mpaka usiku, lizungumzwe kabla ya wimbo, uso kwa uso. Na likija kwenye sala liwe kosa lako mwenyewe.

Daftari lina safu tatu: tarehe, ombi, kilichotokea. Andika maombi mawili au matatu tu kwa wiki, yale ambayo mtoto ataweza kuona mwisho wake: homa ya mdogo wake, rafiki aliyehama, kazi ya baba. Kila Jumapili rudini kurasa nyuma na mjaze safu ya tatu kwa ukweli. Palipo na "hapana" paandikwe hapana. Palipo na "bado" paandikwe bado. Daftari lenye majibu mazuri tu ni daftari lililohaririwa, na mtoto wa miaka saba atalitambua.

Sala ya Bwana ifundishwe kwa sehemu, sehemu moja kwa wiki, huku zile za nyuma zikirudiwa. Ndani ya wiki nane hivi mtoto wa miaka minne au mitano ameimudu. Tumia maneno yanayosemwa kanisani kwenu. Nyumba moja husema "utupe leo riziki yetu", nyingine "mkate wetu wa kila siku". Mmoja hujifunza "mapenzi yako yatimizwe", mwingine "utakalo lifanyike". Mtoto akifundishwa ya huku na kusikia ya kule atanyamaza katikati ya ibada akidhani amekosea. Baba na mama waliotoka makanisa tofauti waamue moja kabla ya kuanza. Na kila sehemu ifafanuliwe: "mapenzi yako" kwa mtoto si lazima yamaanishe anachotaka Mungu, wala "deni zetu" si makosa mpaka aambiwe.

Kila umri na kipimo chake

Mchanga mpaka mwaka mmoja: wimbo na baraka, basi. Akilia, imba ukiwa umesimama. Mwaka mmoja mpaka mitatu: dakika tatu au nne, kipande cha mistari mitatu, na kitu mkononi cha kushika. Anaruhusiwa kutembeatembea, kwani kusikiliza kwa umri huu hakufanyiki kwa kukaa tuli. Miaka mitatu mpaka mitano ndio umri wa kuigiza. Miaka sita na saba anaweza kusoma mstari mmoja mwenyewe. Mpe ule mfupi, umwonyeshe mchana, ili usiku asome mbele ya wadogo zake bila kukwama.

Wakichanganyika, mpangilio ufuate mdogo na swali limfuate mkubwa. Mkubwa pia apate zamu yake peke yake, dakika kumi kwa wiki. Susanna Wesley, mama yao John na Charles, waanzilishi wa Umethodisti, alizaa watoto 19 na karibu nusu yao wakafa wachanga. Katika barua kwa mumewe mwaka 1712 alieleza kwamba kila jioni ilikuwa na mtoto wake wa kuzungumza naye: Alhamisi ya John, Jumamosi ya Charles. Mwenye watoto wawili hashindwi kupata jioni mbili.

Kumwomba mtoto msamaha

Hili halimo katika zile dakika saba, lakini bila hili dakika saba hazina mizizi. Mtoto anayesikia "utusamehe" kila usiku na hajawahi kumwona mtu mzima akiomba msamaha atahitimisha kwamba neno hilo ni la sala tu. Waefeso 6:4 inawaambia akina baba wasiwachokoze watoto wao, na kuchokoza kwingi hutokea saa za haraka: asubuhi ya kutoka, jioni ya njaa.

Chuchumaa mpaka macho yenu yawe usawa mmoja. Taja kosa lenyewe: "Nilikupigia kelele maji yalipomwagika." Sema lilivyokuwa: "Haikuwa sawa. Maji yalimwagika kwa bahati mbaya." Omba: "Naomba unisamehe." Halafu nyamaza. Sentensi nne, na hakuna ya tano. Inayoharibu karibu kila mara ni neno "lakini": "Nisamehe, lakini na wewe husikii." Neno hilo moja limegeuza msamaha kuwa shitaka. Hata kama kweli hakusikia, lizungumzie kesho. Usimlazimishe kusema amekusamehe, wala usimkumbatie kwa nguvu ili wewe ujisikie nafuu. Wengine hurudi kucheza bila neno, na hiyo ndiyo namna yao ya kusema ndiyo.

Ugomvi wa baba na mama ulioonekana na watoto, upatanisho wake nao uonekane. Si lazima wasikie sababu. Inatosha mmoja aseme mbele yao, "Nilimjibu mama yenu vibaya, nimemwomba msamaha." Watoto wengi wanauona ugomvi sebuleni na hawauoni upatanisho kwa sababu hufanyika chumbani mlango ukiwa umefungwa.

Maswali ya usiku: kifo

Taa ikizimwa maswali makubwa hutoka, na la kifo ni la kwanza. Mtoto wa chini ya miaka mitano hivi hajui bado kwamba kifo hakirudi nyuma. Ndiyo maana atauliza tena kesho babu anarudi lini, hata kama ulimweleza vizuri. Jibu kwa maneno yale yale kila mara: "Babu amekufa. Mwili wake umeacha kufanya kazi, hapumui, hasikii maumivu. Hatutamwona tena hapa. Tunaamini Yesu atawafufua watu wake." Kama una huzuni, ionyeshe. Yohana 11:35 inasema Yesu alilia machozi rafiki yake alipokuwa amekufa, na alilia akijua anachokwenda kufanya.

Epuka misemo miwili. Usimwambie "amelala", hata kama Biblia yenyewe hutumia lugha hiyo, kwa sababu mtoto anayetafsiri neno kwa neno ataogopa kufumba macho usiku huohuo. Na usiseme "Mungu alimhitaji akamchukua." Mtoto atajiuliza ni nani anayehitajika baadaye, na Mungu wa baraka za kila usiku amekuwa mtu wa kufungiwa mlango.

Swali usilolijua, sema hulijui na utalitafuta. Kisha ulitafute kweli, na umrudie ndani ya siku mbili.

Mtoto mchanga anapoingia nyumbani

Wiki sita za kwanza ibada ya pamoja iongozwe na asiyejifungua, na ipungue mpaka wimbo na baraka kwa wale wakubwa. Mama aliyeamka mara nne usiku hadaiwi somo. Bandika karatasi yenye mstari mmoja mahali anaponyonyeshea, kwa herufi kubwa zinazosomeka kwenye mwanga hafifu. Zaburi 121:3-4 imeandikwa kana kwamba ni kwa saa tisa usiku: asiyesinzia wala kulala usingizi ndiye anayekulinda. Mstari huo huo mwezi mzima.

Machozi na hofu siku za mwanzo huwapata akina mama wengi na kwa kawaida hupungua zenyewe. Zikipita wiki mbili bila kupungua, au akiona hana hamu na chochote, hawezi kulala hata mtoto akilala, au anasikia mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, hospitali iwe safari ya kwanza, na kwa mawazo hayo ya mwisho safari ni ya saa hiyohiyo. Sonona baada ya kujifungua ni ugonjwa wenye tiba. Kumwambia mama huyo aongeze maombi ni kumwongezea mzigo. Muombeeni mkiwa njiani kumpeleka.

Jumapili huanza Jumamosi

Ugomvi wa Jumapili asubuhi karibu wote ni wa viatu. Jumamosi jioni panga mlangoni: nguo za kila mtoto, viatu *vyote viwili*, sadaka ndani ya bahasha, na begi lenye nepi mbili, nguo ya kubadilisha, maji, kitabu cha picha na kalamu za rangi tatu. Vinavyogongana au kutoa sauti vibaki nyumbani. Ondokeni dakika 20 kabla ya muda mnaodhani mnauhitaji.

Kaeni mwisho wa benchi, upande wa ukutani, lakini karibu na mbele. Wazazi wengi hujificha nyuma, na huko mtoto haoni kitu ila migongo, kwa hiyo hutafuta lake. Mnong'oneze kinachofuata: "Sasa tunasimama kuimba. Sasa tunasikiliza, chora unachosikia." Akilia toka naye mara moja, mshike mkiwa nje mpaka atulie, kisha rudini. Usimshushe acheze uani. Akigundua kwamba kulia kunafungua mlango wa michezo, Jumapili ijayo ataufungua mapema zaidi.

Mwenzi asiyetaka, na ibada iliyokufa

Kama mmoja wenu haamini au hana moyo wa jambo hili, mwingine afanye kwa dakika zake saba bila kumsema kwa watoto na bila kumfanya mtazamaji anayehukumiwa. Mwombe ashiriki kitu kimoja tu kisichomtaka aamini chochote, kama kushika taa au kubeba mtoto wakati wa wimbo. Akikataa, yaishe.

Na kama mliwahi kuwa na ibada ikafa, msiifufue kwa kikao wala kwa tangazo la utaratibu mpya. Leo usiku ingia chumbani, weka mkono juu ya kichwa, sema baraka ya Hesabu 6, zima taa. Fanya hivyo wiki nzima bila kuongeza kitu. Wiki ya pili ongeza wimbo. Ya tatu mistari mitatu ya Marko 1:29-31: mwanamke ana homa, Yesu anamshika mkono, homa inamwacha, anaamka na kuwatumikia. Mtoto atauliza kama alipewa dawa. Anzeni hapo.